Blanketi la Umeme na Gari la Shangazi Lorene

Alhamisi, 12 Septemba
Nimemaliza kitabu cha gesi ya naitrasi, ile inayoongezea gari la mbio nguvu. Mara ya tatu! Gesi ikiongezeka, petroli nayo iongezeke, la sivyo pistoni zinayeyuka. Swichi ibonyezwe tu mguu ukiwa umekanyaga mafuta hadi mwisho. Mtungi usipashwe kwa moto, kamwe. Nilimweleza Shangazi Lorene yote haya mezani. Akasema alianza kutumia gesi hiyo kabla baba yangu hajaota ndevu, nimpitishie maharage. Binamu Trudy, bintiye, akasema, "Profesa, wewe hata baiskeli bado inakutupa."

Keshokutwa ni fainali ya mbio za magari mawili mawili. Shangazi hajawahi kuchukua kombe maishani. Ameapa: asiposhinda, gari linauzwa. Nilienda kulia kidogo bafuni. Nikatoka na mpango.

Ijumaa, 13 Septemba
Nimechungulia kipimo cha mtungi. Presha iko chini! Mtungi wa baridi hautoi gesi ya kutosha, ukurasa wa arobaini. Nikamwambia Trudy, maana yeye ndiye fundi. Akajibu kwamba mama yake anaupenda hivyo hivyo, na nikiugusa atanikata kidole. Wivu mtupu.

Bibi ana blanketi la umeme, lile la kupasha kitanda joto.

Jumamosi, 14 Septemba, mchana
Trudy ameandika muda wetu kwenye kioo cha gari kwa kiwi nyeupe ya viatu: sekunde 10.40. Kisha yeye na Shangazi wakaenda kununua soseji. Nikauvika mtungi blanketi. Presha ikapanda taratibu hadi eneo la kijani. Hapo nikazima. Usalama kwanza! Blanketi nimelificha ndani ya lori letu la kubebea gari. Hakuna aliyeniona.

Jumamosi, jioni
Ole wangu.

Shangazi alifika wa kwanza. Nilirukaruka, nikamwagia soda mchungaji wetu. Kisha taa ya ushindi ikawaka upande wa mpinzani. Shangazi alikuwa amekimbia kwa sekunde 10.31.

Kwenye mbio zetu unatangaza muda wako mwenyewe. Ukitumia muda mfupi kuliko ulioandika kiooni, umeshindwa. Sheria hiyo naijua tangu darasa la kwanza. Kitabu hakikuitaja popote!

Shangazi alibaki ndani ya gari, helmeti kichwani, hata baada ya injini kuzimwa. Nilimwambia kupitia dirishani kwamba angalau pistoni zote ni nzima. Akasema asante, mwanangu.

Jumapili, 15 Septemba
Shangazi anajilaumu mwenyewe. Anasema amezeeka, hata gari lake halijui tena. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli. Nikaomba chumvi.

Jumatano, 18 Septemba
Mnunuzi amekuja, Bwana Haskell wa mji wa jirani. Shangazi alimpa funguo, akapangusa vumbi kwenye boneti kwa mkono wa shati, akaingia ndani ya nyumba. Hakutoka tena. Trudy naye hakunitania hata kidogo. Afadhali angenitania.

Nilimkimbilia Bwana Haskell barabarani niungame kwa mtu, yeyote yule. Kabla sijaanza, akaniuliza kama namjua kijana anayeelewa mitungi ya gesi. Yeye Jumamosi anashindana kwa gari hilo.

Nikafikiri haraka. Akishindwa mara mbili tatu kwa kuzidi mwendo, atalichukia gari. Ataliuza kwa bei ya kutupa. Shangazi atalirudisha nyumbani! Nikamwambia kijana huyo ni mimi.

Nimeanza kitabu mara ya nne. Jumamosi Bwana Haskell atakwenda mbio ajabu, na salama kabisa.