Kichupa cha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Nimetimiza miaka hamsini, na zawadi ya mke wangu ni kliniki! Kamkokota na kaka yake, shemeji yangu. Nesi katueleza vipimo vya saratani ya utumbo mpana. Kamera: unaharishwa na dawa mpaka unakuwa mweupe ndani, kisha inapitishwa huko nyuma. Ikikuta kinyama kimeota, inakiondoa papo hapo. Ukiwa safi, unapumzika miaka kumi. Au kichupa: unachukua choo kidogo nyumbani, wanatafuta damu isiyoonekana kwa macho, kila mwaka. Damu ikipatikana, huna ujanja, ni kamera. Huko nyuma! Nimechagua kichupa. Shemeji pia.

Jumatano, 5 Machi
Mawazo tele. Nimemnyoa mteja ndevu alizotaka zibaki. Nikikutwa na damu je? Shemeji anakimbia kila alfajiri, anatafuna majani kama sungura, na hakosi neno kuhusu kitambi changu. Choo chake lazima kiwe daraja la kwanza. Vichupa vyetu viko mfuko mmoja, mke wangu anavipeleka kesho. Nimebadilisha lebo. Akili ni mali!

Ijumaa, 14 Machi
Nesi kapiga simu. Kichupa chenye jina langu kina damu. Cha shemeji safi. Kamera Jumanne! Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wahenga hawakusema kisima kina kamera. Shemeji kanipa pole, kisha kanishauri nile mboga.

Jumapili, 16 Machi
Damu ile ni yake. Nikinyamaza, mimi nitachunguliwa bure, naye ataendelea kukimbia na ugonjwa tumboni. Ananichosha, lakini ndiye aliyenibebea mgongoni kiti changu cha kwanza cha kinyozi. Nimekiri mezani. Mke wangu kaita jina langu lote, mpaka la babu. Shemeji kauliza tu, kwa sauti ndogo, kama basi yule mgonjwa ni yeye. Nimelia.

Ijumaa, 28 Machi
Nesi alitugombeza, akatupima upya. Mimi safi! Shemeji ana damu kweli, kaenda kwenye kamera. Vinyama viwili vimeondolewa. Si saratani, ila vingeachwa vingeweza kugeuka. Kanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Nyumba nzima furaha.
Nesi kakumbusha: kichupa changu tena mwakani.
Jioni kaja kunyolewa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Ngozi inang'aa, tumbo halipo kabisa! Nimemuuliza, taratibu, kama amefikisha hamsini, na kama angependa twende kliniki pamoja.