Chanjo Kabla ya Mbusa

Jumatatu, 7 Juni 2021. Butembo.
Chanjo ya corona imefika kituo cha afya. Chache! Orodha iko mlangoni: kwanza wauguzi, kisha wazee kuanzia miaka 55, kisha wagonjwa wa sukari. Mimi Phinées nina miaka 41, nauza misumari, na sukari sina hata punje. Mbusa, anayeuza misumari ileile ng'ambo ya barabara, anayo tangu mwaka jana. Wengine wana bahati! Wiki iliyopita tulimzika Lusenge, jirani yangu wa duka. Corona. Tangu hapo nikikohoa nafunga duka.

Jumanne, 8 Juni.
Nimekwenda na fimbo ya marehemu baba. Nikainama vizuri. Nikasema nina miaka 58, kadi imepotea. Muuguzi akainua macho: Berthe! Tulikaa benchi moja darasa la sita. Akauliza kama na yeye ana 58. Mbusa, tayari kachanjwa, akaniita babu mbele ya foleni nzima. Nimerudi mbio. Fimbo imebaki kulekule.

Alhamisi, 10 Juni.
Mpango mpya: Mama. Miaka 76. Nimemleta kwa pikipiki kutoka Vuhovi. Nikamwambia Berthe kwamba Mama haoni, donc anayemshika mkono lazima achanjwe pia. Mama akaisoma orodha yote kwa sauti, hadi herufi ndogo za chini.

Akachanjwa. Foleni ikaisha. Kwenye chupa ikabaki dozi moja, na chupa ikishafunguliwa hailali. Berthe akaniambia nikae. Nikakunja shati. Ndipo akaingia Marie-Jeanne, mjane wa Lusenge, miaka 60, jasho tele. Ametembea kutoka Vulamba.

Mama akasema, "Phinées, simama. Huyu mama akae."

Nikasema, "Mais Mama, imebakia moja tu."

"Njo maana."

Nikasimama. Marie-Jeanne akanishika mikono, akalia, akasema mimi ni mutu wa roho ya muzuri. Sikujua niangalie wapi. Kwa dakika nzima nilijisikia vizuri. Imepita.

Jumamosi, 12 Juni.
Redio imesema wiki ijayo ni zamu ya walimu. Nimekwenda haraka kwa Mukendi, mkuu wa shule ya msingi, kujitolea kufundisha mazoezi ya viungo. Bure! Ameniuliza nimeanza lini kupenda batoto hivi. Nimemwambia tangu habari za saa moja.