Cheti cha Kuumwa kwa Utulivu

Idara ya Utulivu wa Wenye Maumivu ilitangaza kwa furaha kubwa: kuanzia Jumatatu, hakuna mgonjwa wa maumivu sugu atakayemwona daktari kabla ya kupata cheti cha kuumwa kwa utulivu. Mafunzo ni ya mtandaoni. Yanafanyika ukumbini, kwenye mabenchi ya mbao, ili wanafunzi wasipotee.

Bibi Cherehani, ambaye mgongo ulikuwa unamtesa mwaka wa kumi na moja sasa kwa kushona sare za watu, alijibana na wenzake mbele ya skrini. Nyuma ya mlango wa kushoto alikuwepo daktari, anapiga miayo. Nyuma ya mlango wa kulia alikuwepo Mkurugenzi wa Idara na karani wake, anafundisha kwa mtandao.

"Vuteni pumzi," skrini ikasema. "Maumivu ni maoni tu."

"Basi mgongo wangu una maoni, we!" Bibi akamnong'oneza fundi viatu.

Kamera ikamnasa. UMEKUNJA USO. RUDIA SOMO LA KWANZA. Mara ya sita hiyo.

Bibi akaona isiwe taabu. "Baba Mkurugenzi, kitendawili!"

"Tega, bibi. Idara inathamini ushirikishwaji."

"Nina mgeni, hafagii wala hateki maji, lakini nikitaka kuinama lazima nimwombe ruhusa."

"Shemeji?"

"Wapi!"

"Mkaguzi?"

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Miji sina, bibi. Chukua ofisi yangu yote, tuendelee!" Mkurugenzi akacheka. Karani akaandika, maana Mkurugenzi mwenyewe aliagiza kwamba kila analotamka somoni ni amri halali.

"Sasa tazameni ninavyogusa vidole vya miguu huku natabasamu. Moja, mbili... Mamaaa!"

Ukelele ulipita ukutani kwanza. Kwenye skrini ulifika baadaye kidogo, mtandao ulikuwa mzito.

Wote wakakimbilia mlango wa kulia. Mkurugenzi alikuwa amejikunja kama kisu cha mfukoni, pua inachungulia magoti.

"Niitieni daktari!"

"Cheti, mheshimiwa?" karani akauliza.

"Vyeti natoa mimi!"

Karani akafunua daftari. "Hapana, mheshimiwa. Ofisi ni ya Bibi, tangu saa nne na robo."

Bibi akakikalia kiti cha Mkurugenzi. Jamani, kile kiti! Kilikuwa na mto palepale anapoishi yule mgeni, na mgeni akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu ahamie. Bibi akashika muhuri. Fundi viatu, pa! Mama muuza mkaa, pa! Ukumbi mzima ukahamia mlango wa kushoto kwa vigelegele. Cheti chake mwenyewe Bibi akakigonga mwisho.

"Bibi," sauti ikatoka karibu na sakafu, "nimejua jibu."

"Sema, mwanangu."

"Maumivu ya mgongo."

"Hapo sawa!" Bibi akainua muhuri juu ya cheti cha Mkurugenzi. Kamera ya mezani ikamnasa Mkurugenzi, ikalia. UMEKUNJA USO. RUDIA SOMO LA KWANZA.

"Pole, baba," Bibi akasema, akiuweka muhuri kando taratibu. "Vuta pumzi. Hayo ni maoni tu."