Hundi ya Bima na Hati Yangu Nzuri

Wenzangu wa bweni, leo nimeaibika dukani, mbele ya mama yangu mzazi. Nawaandikia kutoka chumba cha intaneti hapa Lindi, nimelipia nusu saa tu, na nguvu za kupamba maneno sina. Maneno niliyoyapamba zamani ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Habari ya pikapu mnaijua. (Wasioijua: biashara ya mazao ilipofunguliwa kwa kila mtu, na mimi nikajiona mtu.) Nilikopa kwa kampuni moja ya Dar, nikanunua pikapu, nikawa nazunguka vijiji vya Mtama kununua ufuta. Msimu wa pili bei ikaanguka. Kampuni ikachukua gari, ikasema tumemalizana. Wakabaki wanaonidai wa hapa hapa, watatu. Bwana Murtaza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amenikopesha matairi na mafuta. Bi Somoe, mtani wangu, alinipa magunia yake ya ufuta nikamuuzie. Wa tatu ni Mama. Alinipa fedha za korosho zake za msimu mzima.

Tulikaa dukani kwa Bwana Murtaza tukakubaliana: nilipe nusu ya kila deni kwa miaka mitatu, nusu nyingine wanisamehe. Makubaliano niliyaandika mimi. Mnaikumbuka hati yangu. Ndiyo niliyowaandikia barua za wachumba wenu (mbili ziliishia kwenye ndoa, na asante sijaiona mpaka leo). Nikajaza kurasa mbili kwa wino wa bluu, vichwa vya habari nimevipigia mstari kwa rula. Na kwa kuwa mkataba wa ile kampuni ulikuwa bado mfukoni, nikachukua humo kipengele kimoja kilichonipendeza jinsi kinavyosikika. Hakuna aliyeniomba.

"Hiki cha nini?" Bwana Murtaza aliuliza siku ile.

"Cha kisheria, mzee," nikamjibu.

Miaka mitatu nikalipa. Sikwenda Songea, sikwenda Tunduma, mimi ambaye zamani miezi sita katika mji mmoja ilinitosha kuuchukia. Mwezi wa Mfungo Mosi uliopita, baada ya Idi, nikamaliza. Tukanywa kahawa, tukapeana mikono.

Wiki iliyopita nikakuta barua posta. Watu wa bima wanasema fedha ya bima ya pikapu ilikatwa yote mwanzoni, kwa miaka yote ya mkopo. Kwa kuwa gari lilichukuliwa mapema, iliyobaki wananirudishia. Hundi imo ndani ya bahasha. (Maana yake, muda wote huo nilikuwa nimelikatia bima gari linaloendeshwa na mtu mwingine huko Masasi.)

Nilifikiria paa la Mama. Nyumba yake ya Mtama, ambamo nami nina chumba, ni ya nyasi, inavuja, na mabati nimemwahidi tangu ndevu zangu zilipokuwa tatu. Nikamwambia, "Mama, twende Lindi, ukachague mwenyewe."

Basi asubuhi ya leo tukateremka. Mama kavaa kanga mpya, kashika mkoba kwa mikono miwili kama anakwenda harusini. Dukani tukamkuta Bi Somoe amekalia mfuko wa saruji, anasubiri bawaba za mlango wake.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia Bwana Murtaza.

"Marahaba. Mama naye yupo? Karibu, Mama, kiti hicho."

Akaunti ya benki sina. Hundi zangu (hii ni ya pili maishani) hupitia akaunti ya Bwana Murtaza. Nikailaza juu ya meza kama mtu anayetupa turufu.

"Nataka mabati ya nyumba nzima, mzee. Na misumari yake."

"Mtani, umemwibia nani?" Bi Somoe akauliza.

"Bima, mtani. Ndiyo faida ya kusoma."

(Sentensi hiyo naomba muisahau. Yeye hataisahau.)

Bwana Murtaza akataka kuona barua. Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akarudia.

"Fedha hizi ni za muda ule tulipokuwa katika makubaliano," akasema.

"Ndiyo, mzee. Lakini makubaliano yamekwisha. Tulikunywa kahawa."

"Kahawa tulikunywa." Akainama chini ya meza, akafungua sanduku lake la chuma, akatoa kurasa mbili. Wino wa bluu. Hata kukunjamana hazikukunjamana. "Kuna kitu humu nakikumbuka. Soma wewe, hati ni yako."

Nikaanza kwa sauti ya risala. Wateja wawili wakasogea, na fundi baiskeli wa nje akaacha kupiga pampu. Nikafika kipengele cha sita, nikakiona kinakuja. Sauti ikaanza kunikimbia.

"Pandisha, mwalimu, huku nyuma hatusikii," akasema Bi Somoe.

Nikapandisha. "Haki yoyote ya fedha itakayozaliwa kabla makubaliano haya hayajaisha, hata ikichelewa kulipwa, ni mali ya wadai, hadi madeni yao ya awali yatimie."

Ile nusu niliyosamehewa ilikuwa kubwa kuliko hundi mara mbili. Hapakuwa na cha kubaki.

"Nilikosea kuandika," nikasema.

"Hukukosea," Mama akajibu. "Ulitusomea mara mbili, mwanangu, ukatuuliza kama tumeelewa. Mimi nilielewa."

Bi Somoe alicheka mpaka akashika ukuta. Mtani hakasirikiwi, kwa hiyo nikasimama tu. Bwana Murtaza hakucheka, jambo lililoniumiza zaidi.

"Mimi fungu langu naweza kuliacha," akasema kwa upole. "Lakini siwezi kuwasemea wenzangu."

"Mimi siachi hata senti," akasema Bi Somoe. "Ufuta wangu ulikuwa mweupe, wa bei ya juu."

Nikamgeukia Mama, nikashusha sauti. "Mama, wewe sema uniachie. Si ni yale yale? Fedha ni za paa lako."

"Si yale yale," akasema. "Zikiwa zako, ni ahadi. Zikiwa zangu, ni mabati."

Fundi baiskeli akapiga makofi. Mtu mzima, simjui, hanijui.

Wakagawana pale pale, kila mtu kwa kadiri ya alichopoteza. Bwana Murtaza akalitia fungu lake kwenye la Mama. Nikageuza hundi, nikaitia saini nyuma kwa hati yangu nzuri, vijana wa duka wakatoa mabati. Mama aliyahesabu mwenyewe, akayagonga moja moja kwa kidole. Hayatoshi nyumba nzima. Yanatosha upande wa chumba chake. Kesho naanza kuyapigilia mimi, bila malipo, na ameshaniambia nisipindishe misumari.

Tulipokuwa tunatoka, Bi Somoe akaniita. Kutoka fungu lake alikuwa amenunua ndoo ya plastiki, nyekundu, kubwa.

"Ya kukingia mvua, mtani. Chumba chako si kitabaki na nyasi?"

Nimeipokea. Iko hapa chini ya meza ya kompyuta, na kijana wa zamu amekwisha kuniuliza mara mbili kama nauza maji. Muda wangu unakwisha. Atakayecheka asiniandikie. Na atakayetaka kuandikiwa barua nyingine, amtafute mtu mwenye hati mbaya.