Malalamiko Kuhusu Macho ya Tullia

Bologna, tarehe 9 Oktoba 1574

Mheshimiwa Mastro Taddeo Calvetti, Mkuu wa Chama cha Wachoraji,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na binti yako Orsina, maana nataka awe na nguvu za kutosha kuyasikiliza haya.

Mwezi Juni nilimwomba Orsina amchore binti yangu Tullia, mwenye miaka kumi na saba. Kulikuwa na mchumba, Bwana Annibale wa Ferrara, mgane wa miaka hamsini na minane mwenye mashamba mengi na meno manne, aliyetaka kuiona picha kabla ya kutoa neno. Yaliyotokea ndiyo haya:

1. Orsina alichora alichokiona. Nilimwomba kwa upole aliondoe kovu la kidevuni. Akanijibu, "Kovu nitaliondoa, Mzee Ercole. Na hiyo pua, ambayo ni yako, niiondoe pia?" Nashukuru kwa heshima aliyonipa.

2. Mimi ni mtu wa soseji. Mteja wangu hana haja ya kujua nguruwe alikuwa anawaza nini. Lakini mawazo ya Tullia yamechorwa yote, yako machoni pake, hata mpishi wetu asiyejua kusoma ameyasoma. "Huyu hataki, bwana," aliniambia huku akimenya vitunguu. Nani alimuuliza?

3. Bwana Annibale alifika siku tano zilizopita, Sikukuu ya Mtakatifu Petronio. Tullia alikaa ghorofani, kama adabu inavyotaka, picha ikampokea mgeni. Akasogea kushoto, macho yakamfuata. Akasogea kulia, yakamfuata. Akavua kofia. Mwishowe akasema, "Ercole, huyu ananitazama kama nimekuja kuiba kuku." Akaondoka bila kumgusa bata wa kuokwa. Mke wangu akalia. Huko juu, binti ambaye hakuwa ameimba tangu Juni akaimba nyimbo tatu mfululizo, na ya tatu haikuwa ya kanisani.

4. Katika siku zote alizokaa kwenu akichorwa, badala ya kufundishwa kunyamaza, alipewa mkaa wa kuchorea. Sasa kuta za ghala langu zimejaa nyuso: yangu, ya mke wangu, na ya nguruwe. Majirani wamekubaliana kwamba nguruwe ndiye aliyependeza.

5. Kwa hiyo naomba chama chako kipige marufuku jambo hili. Wanawake wachore matunda, na matunda yenyewe yasiwe na maoni. Na wanawake wote waliokwisha kuchorwa na Orsina warudishwe wachorwe upya wakiwa wamefumba macho. La sivyo, kila baba wa Bologna atalazimika kumuuliza binti yake anataka nini. Kisha wake zetu nao watataka kuulizwa. Mji utaendeshwaje hivyo?

Nasubiri hatua zako kali. Nisalimie mkeo, shangazi yenu mwenye goti bovu, na jirani yenu mpiga filimbi, ingawa simpendi.

Wako kwa heshima na uchungu,
Ercole Bandinucci,
Mtengenezaji soseji

Nyongeza: Aliyekuletea barua hii ndiye Tullia. Sanduku alilobeba lina nguo zake za baridi. Tena hapendi kula samaki. Naomba apewe meza karibu na dirisha, na Orsina amfundishe kila anachojua, hasa kuchora macho.