Kosa la Kutokosea

Mwalimu (Mstaafu) Noah Chepyegon,
Boito, Konoin.

Kwa Daktari Elmina Mongina,
Mkuu wa Idara ya Kiswahili.

Mheshimiwa Daktari,

KUH: BINTI YANGU KUSHTAKIWA KWA KUANDIKA KISWAHILI SAFI

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ila roho imenichafuka. Mimi ni baba yake Chemutai, mwanafunzi wako wa mwaka wa nne, ambaye Jumanne ijayo ataketishwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa madai kwamba tasnifu yake kuhusu lugha ya wachuma chai iliandikwa na mashine, hiyo mnayoiita akili unde. Kamati ikimpata na hatia hatahitimu Desemba, atarudia mwaka mzima. Fahali wa sherehe tumeshamchagua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimeisoma ripoti ya mtaalamu wenu, Daktari Oyaro, ambaye kazi yake ni kuchunguza maandishi jinsi polisi wanavyochunguza alama za vidole. Anasema kwamba mwanafunzi ni Mkipsigis wa Boito. Kwamba watu wa Boito huchanganya b na p, d na t, g na k. Kwamba alipomhoji, Chemutai alisema "pasi" mara kumi na moja akimaanisha "basi". Lakini katika kurasa thelathini na nane hakuna kosa hata moja la aina hiyo. Kwa hivyo, anahitimisha, si yeye aliyeandika. Yaani mtoto amekamatwa kwa kukosa kukosea! Wezi wengine hufungwa kwa sababu wameacha alama dirishani. Huyu wangu anafungwa kwa sababu dirisha ni safi.

2. Daktari Oyaro hajui mimi ni nani. Nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi miaka thelathini na mmoja, kuanzia Ndanai hadi hapa nyumbani, na adui yangu mkuu alikuwa hiyo p. Mwaka wangu wa kwanza kazini mzee wa kanisa alitangaza kwamba "pipi harusi amefika", na watoto wote wakakimbia nje na mikono wazi. Siku hiyo niliapa. Mbinu yangu ilikuwa jani la chai: mtoto anashika jani bichi mbele ya midomo, anasema "pipi", jani linatikisika, anasema "bibi", jani linatulia. Chemutai alishika jani kabla hajajua kushika kijiko. Kuhusu hizo "pasi" kumi na moja, mdomo hauna kifutio, lakini kalamu inacho. Nami sitasema lolote kuhusu matamshi ya huko kwao Daktari Oyaro, kwa sababu mimi ni Mkristo.

3. Mliipitisha kazi hiyo kwenye mashine ya kugundua mashine, ikasema asilimia tisini na mbili si ya binadamu. Nami nilienda kwa Vinny, mwenye saiba, yaani duka la kompyuta, pale Silibwet, nikampa barua niliyoandika mwaka wa 1994 nikiomba uhamisho kutoka Ndanai. Akaipitisha kwenye mashine hiyo hiyo yenu, ikasema asilimia themanini na tisa ni ya mashine. Daktari, mwaka huo mashine pekee niliyoijua Ndanai ilikuwa ya kusaga mahindi, nayo ilikuwa imeharibika. Tukaijaribu na kumbukumbu za mkutano za Joab, katibu wa kituo chetu cha kununulia majani, ambazo hakuna mwanachama amewahi kuzielewa. Ikasema ni za binadamu kwa asilimia mia moja. Vinny akaniambia, "Mwalimu, hii kitu inapenda tu mtu ameandika vibaya."

4. Ripoti inataja sentensi moja ya ukurasa wa kumi na saba: "Mporomoko wa bei huwaathiri wachuma chai kwa namna mbalimbali, zikiwemo za kisaikolojia, kijamii na kiuchumi." Daktari Oyaro anasema hakuna binadamu anayeongea hivyo. Hapa aliniumiza kabisa. Hiyo ni sentensi iliyosimama wima, upatanisho wake hauna doa, na kwangu ingepata tiki mbili. Anaendelea kwamba Chemutai aliposomewa sentensi hiyo alinyamaza, kisha akasema haikumbuki. Kwetu mtoto aliyelelewa vizuri hajibizani na wakubwa. Mnauita ukimya huo ushahidi wa wizi, nami nauita ushahidi wa malezi.

5. Habari zimeshafika huku na madhara yameanza. Tecla, binti wa jirani anayesoma chuo kingine, sasa kila kazi anaipeleka kwanza kwa kogo, yaani nyanya yake, aitie makosa. Kogo hajawahi kuingia darasani hata kuulizia mtoto. Anasomewa sentensi, anairudia kwa mdomo wake, na Tecla anaandika jinsi alivyosikia. Kazi iliyopita ilipata sabini na nne, na mhadhiri akaandika pembeni "sauti halisi". Sasa ni wanafunzi watatu wanaomfuata kogo shambani na madaftari, na majani ya mama huyo yanakomaa bila kuchumwa.

6. Kwa hayo yote naomba mambo yafuatayo. Idara ichapishe rasmi idadi ya makosa inayotakiwa kwa kila eneo, mtoto wa Boito mangapi kwa ukurasa, wa Silibwet mangapi, ili sisi wazazi tujipange mapema. Kogo aajiriwe kuwa Mhadhiri wa Makosa, na apewe ofisi yenye jiko. Kisha kikao cha Jumanne kihamishiwe Boito, na kila mjumbe ashike jani la chai mbele ya midomo na kusema "bibi ananunua pipi". Atakayepatia yote, kwa mantiki ya ripoti yenu, ni mashine, na asiruhusiwe kumhukumu binadamu.

Nisalimie wahadhiri wote, makarani, bawabu aliyenitunzia mwavuli siku nilipoileta kazi ya Chemutai ofisini kwenu, na Daktari Oyaro pia, kwa kiasi. Sisi huku tu wazima, ng'ombe wanakamuliwa, na mvua inanyesha inavyotaka yenyewe.

Ni mimi, mzazi mwenye uchungu na sarufi,

Mwalimu Noah Chepyegon

T.B. Daktari, bahasha nimeifungua tena. Chemutai amepiga simu sasa hivi. Amesema, "Baba, pasi. Nitakubali tu, nirudie mwaka. Lakini mimi situmiangi mashine, na hayo maneno sijui yalitoka wapi." Mke wangu Janeffer alikuwa ameketi karibu akipepeta maharagwe. Akaniangalia, akasema, "Wewe ndio unajua yalitoka wapi. Andika." Basi naandika. Wakati ule Chemutai alikuwa Ndanai kwenye mazoezi ya kufundisha, akanitumia kazi yake niipige chapa kwa Vinny na kuileta kwenu. Nilipoiona p ya kwanza, nilijiambia nitarekebisha hiyo moja tu. Nilirekebisha siku nne. Niliandika upya kila sentensi, na sikumwambia. Pale ukurasa wa kumi na saba yeye alikuwa ameandika: "Wakisikia pei imeshuka, hata kikapu tupu inakuwa nzito kwa mgongo." Mimi ndiye niliyeitoa hiyo nikaweka ule mporomoko. Daktari Oyaro alisema kweli kwamba huo si mkono wa mtoto, na mwambie naona aibu. Jani langu la chai halikufaulu hata katika nyumba yangu mwenyewe. Naambatisha nakala yake ya kwanza, na nawasihi mumsahihishie hiyo. Makosa nimeyahesabu, ni mia mbili na kumi na manne. Sikugusa hata moja, na yote ni yake.