Panya Wangu Wenye Mikia Myekundu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Vita! Panya wametoboa gunia la pili la mahindi ya mbegu. Limebaki moja, nimelikalia hapa ninapoandika. Mwanangu amesema mbegu za mwaka huu zikipotea, au zisipoota, shamba atalishika mke wake. Mkwe wangu! Yule anayepalilia kwa glavu! Shamba lile nimelilima miaka arobaini na miwili. Siwezi kunyang'anywa jembe na mtu wa glavu.

Amekuja Mtafiti, yule bwana wa chuoni mwenye miwani. Anasomea panya. Ndiyo, panya! Ametega vitego vyake vya waya ghalani, akanasa saba, akawapima uzito mmoja mmoja kama watoto wa kliniki, kisha akataka kuwaachia. Nikamwuliza kama kichwa chake ni kizima. Akasema hawa si panya wa nyumbani, Bibi. Tukishavuna na kufyeka wanakosa chakula na pa kujificha, ndiyo maana wanaingia ndani. Mvua zikianza, nyasi zikaota, watarudi shambani wenyewe. Nikamwambia panya hana kalenda. Mkwe akacheka kwa pua.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimechoma pilipili kavu ghalani, mlango nimefunga. Panya hawakutoka. Tuliotoka ni mimi, mwanangu, mkwe na kuku wote. Mkwe, machozi yakimtiririka, akauliza, Mama, unawafukuza wao au sisi? Nikamwambia moshi unamtambua mvivu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Akili imenijia! Leo vitego vimenasa tisa. Nimevaa glavu za mkwe, angalau zimefanya kazi. Nimewapaka mikia rangi ya kucha ya mjukuu wangu, nyekundu kabisa, ili mkaidi atakayerudi nimjue. Nikawatia kwenye ndoo, kifuniko juu, mguu na njia hadi mwisho wa shamba. Nikawapa maneno yao: nyie, kwenu ni hapa, nisiwaone tena ghalani! Wakaondoka kwa adabu. Mjukuu analilia chupa yake. Atanyamaza.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mvua siku ya tano! Ghalani kimya. Vitego vitupu. Hakuna hata kinyesi! Nimeshinda!

Mtafiti anasema ni mvua: nyasi zimechipua, wamehama wote, hata wale ambao sikuwagusa. Wivu huo. Yeye kasoma miaka saba, mimi nimemaliza kwa ndoo moja. Eti nisipande kabla ya kufyeka nyasi za ukingoni, panya wanajificha humo. Nikamwambia wangu wameshaonywa. Nimepanda nusu gunia leo leo. Nimepita mbele ya mkwe mara tatu nikiimba.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Uuuwi! Mstari mzima umefukuliwa! Na wa pili! Na wa tatu! Shimo baada ya shimo, mbegu hakuna, maganda tu. Wamefuata mistari yangu iliyonyooka kama waliochorewa ramani.

Mtafiti ametega palepale. Amenasa sita. Wanne mikia myekundu. Mkwe akaitazama mikia, akanitazama mimi, akasema, Mama, wageni wako wamenenepa. Mwanangu akatugeuzia mgongo, mabega yakimtikisika.

Lakini wasichokiona ni hiki: wamekaa palepale nilipowaamuru! Hakuna aliyerudi ghalani hata mmoja! Mtafiti mwenyewe ameandika daftarini, nimemsimamia mpaka akamaliza. Nikamwambia aandike na jina langu.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Mwanangu ameamua. Shamba nusu kwa nusu, mimi na mbegu zangu, mkwe na za kununua, tuone mahindi ya nani yataota. Atakayeshinda atalishika lote. Mimi ni mkubwa, nichague kwanza.

Nimechagua! Upande wa ukingoni, nyasi zimefika magotini, kijani kibichi! Mkwe kabakiwa na upande uliofyekwa, mweupe kama kiganja. Akanishukuru, tena kwa magoti mawili. Hajui linalomngoja, maskini. Mtafiti si kasema mwenyewe kwamba panya wanapenda nyasi? Basi nimewaachia nyasi tele, sijagusa jani. Aliyepata anachokipenda, mbegu zangu atazifuata za nini?

Kesho asubuhi napanda nusu gunia iliyobaki. Yote. Kandokando ya nyasi.